Fundi wa Silanga

Ukitaka vyombo vya kujengea silanga, yaani bwawa dogo la udongo, huna haja ya kwenda mbali na Majengo, Nairobi. Shuka kuelekea Kamukunji, fuata mlio wa nyundo, nawe utavipata vyote: wilbaro zilizopinduliwa na kupangwa safu, makarai, majembe, sururu, makoleo yenye mipini ambayo bado inanuka mti mbichi. Mafundi wa jua kali wanavifua kwa mabati ya mapipa na vyuma chakavu. Mteja anapatana bei, anafunga mzigo wake juu ya gari la Machakos au Kitui, na hakuna anayemuuliza anakwenda kufanyia nini. Lakini baadhi ya vyombo hivyo huishia kwenye bonde kavu ambako watu wameamua kusimamisha maji kwa udongo mtupu, bila saruji wala chuma, na kuyafanya yakae hapo miezi sita baada ya mvua kukatika.

Nimeupenda ufundi huu kwa muda mrefu, na naona haupewi sifa zake. Daraja jipya hupigwa picha. Ghorofa hupewa jina na kukatiwa utepe. Tuta la silanga likijengwa vizuri na kuota nyasi, mgeni hupita akidhani ni kilima cha kawaida na kuuliza njia ya kwenda sokoni.

Watu wa Majengo wana sababu ya kuuelewa. Mtaa huu ulipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotenga Pumwani iwe makazi ya Waafrika wa Nairobi, nyumba zake zilisimamishwa kwa fito na udongo. Aliyezikandika alijua mambo ambayo mhandisi wa mabwawa huyasomea chuoni: kwamba udongo wenye mfinyanzi mwingi mno hupasuka ukikauka, na wenye mchanga mwingi hauna mshiko. Ila ukuta wa nyumba unaombwa tu kuzuia mvua ya jioni. Ukuta wa silanga unaombwa kuubeba mto uliosimama, usiku na mchana, kwa miaka hamsini, na watu wamelala chini yake.

Tuanze na udongo, maana hapo ndipo fundi hodari anapojulikana. Kabla ya jembe la kwanza, huchimba mashimo ya majaribio mahali kadhaa bondeni, na kutoka kila shimo huchukua konzi moja ya udongo. Hana maabara. Ana chupa ya plastiki, maji, na vidole. Kwanza hujaza udongo hadi kama theluthi ya chupa, humimina maji, hutikisa kwa nguvu, kisha huiacha kivulini. Mchanga hutua chini kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi. Baada yake hushuka vumbi laini lisilo mfinyanzi wala mchanga. Mfinyanzi wenyewe ndio wa mwisho, na waweza kubaki ukielea hadi kesho yake, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Siku ya pili matabaka yanasomeka kama rula. Fundi anatafuta udongo ambao mfinyanzi wake ni kama robo, zaidi kidogo au pungufu kidogo, na sehemu iliyobaki ni mchanganyiko wa chembe kubwa na ndogo zinazojazana mapengo.

Kisha anaukanda. Udongo uliolowa kiasi anausokota katikati ya viganja uwe uzi mwembamba kama penseli. Ukikatika mapema, una mchanga mwingi. Ukijikunja pete bila kupasuka na kung'aa kama sabuni, una mfinyanzi mwingi mno, na huo nao haufai peke yake. Wanairobi wa upande wa Embakasi wanaujua vizuri udongo wa namna hiyo: ule mweusi, ambao Januari hufunguka nyufa za kumeza mguu wa mtoto na Aprili huvimba na kuinua sakafu. Hakuna mjenzi mwenye akili anayeuachia msingi wa nyumba, hufukuliwa wote na kutupwa. Kwenye tuta la silanga ukiutumia peke yake, ukame utaupasua, na mvua ya kwanza itaingia ndani ya ukuta kwa njia ulizoizawadia.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda zaidi. Fundi hukata matako ya chupa kadhaa, huzipindua, huziba midomo kwa kitambaa, na katika kila moja huweka udongo wa shimo moja na kuushindilia. Juu anajaza maji. Halafu anakaa kitako na kutazama. Chupa inayodondosha haraka imejieleza. Ile ambayo maji yake yanakaa juu kwa saa nzima yakitoa tone moja moja ndiyo inayoonyesha shimo la kurudi na wilbaro. Erik Nissen-Petersen, Mdenmaki aliyefanya kazi Kenya miaka mingi katika uvunaji wa maji maeneo makavu, alitoa mwaka 2006 kitabu kizima kuhusu maji ya mabwawa madogo, akiwaandikia mafundi na wakulima wenyewe, na ndani yake vipimo vya kufanywa bondeni vina heshima sawa na hesabu.

Udongo ukishapatikana, watu wengi hudhani kazi iliyobaki ni ya kurundika. Hapo ndipo silanga nyingi zilipokufa kabla ya kuzaliwa. Tuta haliwekwi juu ya ardhi, hupandwa ndani yake. Fundi huondoa kwanza majani, mizizi na udongo wa juu wote, kisha huchimba handaki refu kukata bonde kutoka ukingo hadi ukingo, akishuka mpaka afikie tabaka lisilopitisha maji. Handaki hilo hujazwa mfinyanzi bora kuliko wote na kushindiliwa. Likikamilika halionekani tena, na hakuna mfadhili atakayelipiga picha. Lakini bila hilo, maji yatapita chini ya ukuta na kuuacha umesimama kama mlinzi aliyezungukwa na wezi.

Halafu yaja matabaka. Udongo hutandazwa unene wa sentimita 15 hivi, kisha hushindiliwa, kisha tabaka lingine. Kila tabaka lazima liwe na unyevu wake. Udongo ukiwa mkavu mno, chembe hazishikani. Uliolowa mno, mashine inauchezesha bila kuubana. Fundi hupima kwa kiganja. Hufinya donge, akifungua mkono donge libaki limeshikana, lakini mkono usiachwe na majimaji. Palipo na trekta, ngoma nzito yenye meno hupita juu. Pasipo na trekta, ng'ombe huswagwa huku na huku mchana kutwa, na kwato zao hufanya kazi ambayo watu wazima kumi wenye nguzo za kushindilia wangeifanya kwa wiki.

Fanya hesabu kidogo uone uzito wa kazi hii. Tuta la kimo cha mita 5 halisimami wima. Upande wa maji linalazwa kwa mita tatu kwa kila mita moja ya kimo, na upande mkavu kwa mita mbili. Ukiongeza mgongo wa mita 3 wa kupitia mtu na ng'ombe, kitako chake chini kina upana wa mita 28. Kwa kila mita moja ya urefu wa tuta hilo, pale bonde lilipo na kina, unahitaji zaidi ya mita za ujazo 75 za udongo ulioshindiliwa. Kwa wilbaro ya Kamukunji hizo ni safari zaidi ya elfu moja. Kwa mita moja tu. Nikisikia mtu akisema silanga ya kijiji ni "kirundo cha udongo", humkumbusha hesabu hiyo.

Mgongo wa tuta nao una siri yake. Fundi mzuri huujenga ukiwa umeinuka katikati, kiasi kwamba mtu asiyejua anaweza kudhani kamba ilimlegea. Udongo utatulia kwa uzito wake miaka inayokuja, na utatulia zaidi katikati ambako tuta ni refu. Anayejenga mgongo ulionyooka leo, kesho atakuwa na mgongo wenye bonde katikati, na maji yakipanda ndipo mahali pa kwanza yatakapovukia. Tuta la udongo halivumilii kuvukwa. Maji yakianza kupita juu yake, hula upande mkavu kuanzia chini, na kwa saa chache bonde zima linapokea kwa mkupuo mmoja maji yaliyokusanywa kwa msimu mzima.

Kwa sababu hiyo, ukitaka kupima ufundi wa mtu usianze na ukuta. Nenda kando kabisa, mwisho wa tuta, ukatazame njia ya maji ya ziada, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita utoro. Huchimbwa kwenye ardhi ya asili, kamwe si juu ya udongo uliojazwa, na sakafu yake huwa chini ya mgongo wa tuta kwa mita moja au zaidi. Upana wake hutokana na swali moja: mvua kubwa kuliko zote ambazo bonde hili limewahi kuziona ikinyesha wakati silanga tayari imejaa, maji yatatoka wapi? Utoro hukaa mkavu karibu siku zote, hivyo humshawishi kila mtu. Mmoja anaona ni mahali pazuri pa kupanda mahindi. Mwingine anataka silanga ishike maji zaidi, anaupunguza kwa mawe na magunia ya mchanga. Anayeinua sakafu ya utoro kwa nusu mita amepata maji ya wiki kadhaa, na amewaondolea majirani wa chini usalama ambao fundi aliwapimia.

Mwisho ni nyasi. Nyanda za juu hupandwa nyasi ile iliyochukua jina la Wakikuyu na kusambaa hadi Australia na California, maana mizizi yake hushona udongo kama uzi. Sehemu kavu zaidi hutumia ukoka. Miti hairuhusiwi kabisa, hata ikiwa ni mwembe wenye kivuli. Mti ukifa, mizizi huoza ndani ya ukuta na kuacha mabomba tayari kwa maji. Fuko na nungunungu huchimba mabomba ya aina hiyo hiyo bila kungoja mti ufe, na mchwa pia. Mifugo huzuiwa kwa miba, na maji yao huletwa kwa bomba hadi kwenye birika lililo mbali na tuta, ili kwato zilizosaidia kulijenga zisilibomoe.

Sasa niseme habari ya udongo mmoja ulioshangaza dunia, nao uko juu ya Nairobi. Mji huu unakunywa maji yaliyozuiwa na udongo. Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika 1994, ni ukuta wa udongo wenye kimo cha zaidi ya mita 60, ukishika takriban mita za ujazo milioni 70, na ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa zaidi ya maji yake. Maji yake yaliposhuka, mgao ulianza Januari 2017 na kila mama wa Majengo akajifunza ratiba ya siku za mfereji. Kabla ya Ndakaini kulikuwa na Sasumua, kwenye ukingo wa Aberdare upande wa Kinangop, lililojengwa likamalizika 1956.

Wahandisi wa Sasumua walipopeleka udongo mwekundu wa pale maabara, majibu yaliwatia wasiwasi. Kwa vigezo vya vitabu vya wakati ule, udongo huo ulibeba maji mengi kupita kiasi na ulikuwa mwepesi mno ukikaushwa. Vitabu vilivyoandikwa kwa udongo wa Ulaya na Marekani vingeukataa. Akaitwa Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyefundisha Istanbul kisha Harvard, mtu anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya mekanika ya udongo. Terzaghi hakuishia kwenye jedwali. Alitaka kujua mfinyanzi wenyewe umeundwaje, na ikaonekana kwamba chembe zake zilikuwa zimeshikana katika vijidonge vigumu vyenye matundu. Maji yale mengi yalikuwa yamekaa ndani ya vijidonge, hayakuwa yanavilegeza. Udongo ambao karatasi ilisema ni dhaifu ulikuwa imara. Bwawa likajengwa kwa udongo huo huo wa mlimani, na mwaka 1958 Terzaghi akachapisha London makala juu ya usanifu wake na jinsi lilivyofanya kazi. Wanafunzi wa uhandisi wa nchi nyingi wamelijua jina la Sasumua kupitia makala hayo, wakati Wanairobi wengi wanaooga maji yake hawajui liko upande gani.

Kinachonivutia kwa Terzaghi ni kwamba pamoja na elimu yake yote alikuwa mtu wa kutazama. Alisisitiza kwamba udongo haujulikani wote kabla ya kujenga, kwa hiyo mjenzi lazima aendelee kuuangalia ujenzi wake na awe tayari kubadilisha mpango. Fundi wa Kitui mwenye chupa zake zilizopinduliwa hajamsoma, lakini wanasema lugha moja. Na hata Sasumua halikuepuka somo lake: mvua kubwa za 2003 ziliharibu njia yake ya maji ya ziada, na kwa miaka kadhaa bwawa likalazimika kushikilia maji pungufu ya uwezo wake. Ukuta ulisimama. Kilichoumia ni utoro.

Basi kumbe nusu ya pili ya ufundi huu, ile ndefu isiyo na malipo makubwa, ni kutembea. Mtu mmoja, awe mlinzi wa bwawa kubwa au mzee aliyechaguliwa na kijiji, hupita juu ya mgongo wa tuta na kurudi kwa chini, kwenye mguu wa upande mkavu. Hatembei kama mpita njia. Anatafuta ufa unaokwenda sambamba na mgongo, maana huo ni dalili ya ubavu unaotaka kuteleza. Anatafuta mahali palipodidimia, shimo jipya la fuko, na nyasi za kijani kibichi mahali ambapo nyingine zimekauka. Hizo za kijani ndizo zinazosema zaidi: zinakunywa maji ya mtu mwingine.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya. Tuta la udongo huvuja. Yote huvuja, kidogo, na mjenzi hupanga mawe na mchanga kwenye mguu wa tuta ili maji hayo yatoke bila kuchukua kitu. Swali la mlinzi ni rangi. Maji yakitoka maangavu, ukuta unapumua. Yakitoka na tope, ukuta unaondoka kidogo kidogo kutoka ndani, na hakuna anayejua umebakiza nini. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lenye kimo cha zaidi ya mita 90, lililokuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 yalionekana maji ya tope yakitoka ubavuni. Matingatinga yakatumwa kuziba, yakamezwa. Kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa limepasuka, na watu 11 wakafa. Nchi yenye wahandisi wote hao ilipewa saa chache tu kati ya rangi ya tope na mafuriko.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeitunga methali hiyo hakuwazia ukuta wenye maji nyuma yake.

Kando ya rangi kuna kiasi, na hapa pana kifaa kidogo ambacho fundi yeyote wa Kamukunji angeweza kukikata kabla ya chai ya saa nne. Ni kipande cha bati gumu kilichokatwa pembe mraba katikati, umbo la V, kikasimamishwa kwenye mfereji mdogo unaokusanya maji yote ya mvujo. Rula hupachikwa pembeni. Mlinzi husoma kimo cha maji juu ya ncha ya V na kukiandika kwenye daftari pamoja na tarehe na kimo cha maji ya silanga. Kimo kikiwa sentimita 5, mvujo unaujaza mtungi wa lita 20 kwa karibu nusu dakika. Kikiwa sentimita 10, mtungi huo huo unajaa kabla ya sekunde 5. Yaani kimo kimeongezeka mara mbili tu, lakini maji yameongezeka zaidi ya mara tano. Macho pekee yangesema "yameongezeka kidogo". Daftari halidanganywi hivyo, ila daftari nalo lina sharti lake: liwe na kurasa za siku ambazo hakuna kilichotokea, kwani hizo ndizo zinazoipa maana siku ambayo kitu kimetokea.

Kenya imelipia gharama ya kukosa mtu wa kutembea. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki nyingi za mvua, bwawa la udongo la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka na kuwasomba watu wasiopungua 47, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mabwawa ya shamba lile, ilisemekana baadaye na wenye mamlaka ya maji, hayakuwa na vibali. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 makumi ya watu walikufa karibu na Mai Mahiu, na habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Ikabainika kwamba lilikuwa tuta la reli: kalvati iliyo chini yake ilizibwa na magogo na takataka, maji yakajikusanya nyuma ya udongo ambao haukujengwa uwe bwawa, ukashindwa. Siku tatu baadaye serikali iliwapa watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178, katika kaunti 33, saa 24 wahame. Siku hizo Mto Nairobi ulikuwa umefurika, na sisi wa kingo zake tulikuwa na matope yetu ya kufagia. Orodha ya 178 ilisomwa redioni ikapita. Mimi nilibaki nikijiuliza ni mangapi kati ya hayo yana daftari.

Sheria haikosekani. Kanuni za usimamizi wa maji za 2007 ziliyapanga mabwawa katika madaraja matatu ya hatari, A, B na C. La A lilikuwa lenye kina cha chini ya mita 5 na maji yasiyofika mita za ujazo 100,000. La C lilikuwa la mita 15 kwenda juu au maji yanayozidi mita za ujazo milioni moja. Sheria ya Maji ya 2016 iliipa kazi Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na chini yake ziko jumuiya za watumiaji wa maji za kila kijito. Nina shaka moja na madaraja hayo: yalipima maji, wakati kinachoamua ukubwa wa msiba ni nyumba zilizo chini. Silanga ndogo ya daraja A juu ya shule ya msingi ni hatari kuliko bwawa kubwa juu ya pori.

Jumuiya hizo ndizo ninazoziamini zaidi, zikiwa hai. Ukambani kuna desturi ya mwethya, vikundi vya kazi ya pamoja, na wanawake ndio wameubeba mzigo wake mkubwa, wakichimba matuta ya mashamba kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Matuta hayo yana uhusiano wa moja kwa moja na silanga. Shamba la juu likimomonyoka, udongo wake wote hushuka na kutua ndani ya maji, na silanga ya kina cha mita 4 hugeuka uwanja wa mpira. Wakubwa nao wamelitambua jambo hili: tangu 2015 upo mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima wa milimani kutengeneza matuta na kupanda nyasi kando ya mito, ili udongo ubaki shambani kwao na usije ukatulia kwenye mabwawa yetu. Ni nadra mjini kusikia mtu akimshukuru mkulima wa Gatanga, huko Murang'a, kwa maji ya mfereji. Angestahili.

Na anayetaka kuona silanga iliyokosa watu wa namna hiyo asisafiri. Apande matatu ya Lang'ata, ashuke karibu na Kibera, atazame Bwawa la Nairobi. Lilijengwa 1953 kwa tuta la udongo kuuzuia Mto Motoine, liwe akiba ya mji. Watu walivua samaki hapo na kushindana kwa mashua za tanga. Kijiji kimoja cha Kibera kilicho jirani nalo kinaitwa Silanga hadi leo. Tuta bado lipo. Maji yamebanwa na tope, maji taka na gugumaji, na mahali pengine watu wamelima. Hakuna ukuta uliopasuka. Uangalizi ndio uliokatika.

Wengi wetu Majengo, hata tuliozaliwa hapa, tuna ushago wa mama au wa mke, na kule kuna silanga ambayo babu alisaidia kuichimba. Nenda Februari, kabla ya masika, usingoje Krismasi wakati vuli imeshaijaza. Panda juu ya mgongo wa tuta uone kama katikati pamelala. Kata vichaka vilivyoota, ziba mashimo ya fuko kwa udongo wa mfinyanzi uushindilie, na ukikuta utoro umezibwa au umelimwa, itisha mkutano siku hiyo hiyo, hata kama mahindi ni ya shemeji. Uliza nani anaandika daftari. Kama hakuna, nunua moja, mpe kijana wa pale na rula. Na mvua zikija, ukiona maji ya tope yanatoka kwenye mguu wa tuta, watoe watu wa bondeni kwanza, kisha ndipo uwapigie simu wa Mamlaka.